Amri ya Tano Chini ya Hema

Mkristo akiulizwa maoni yake kuhusu filamu ambayo mke wa mtu anaondoka na mwanamume mwingine, jibu huwa liko mdomoni tayari: ni uzinzi, basi. Kwa hesabu ya Katekisimu Ndogo ya Martin Luther tumekwisha kufika kwenye Amri ya Sita, na mazungumzo yamefungwa. Hatusemi jibu hilo ni la uongo. Tunasema limewahi mno. Katika insha hii tutaitazama filamu moja ya aina hiyo, Water for Elephants, iliyotoka mwaka 2011, na tutajaribu kuonyesha kwamba anayeihukumu kwa Amri ya Sita peke yake ameruka amri moja iliyo nyuma yake. Wasomaji wa madhehebu mengine watuvumilie hapa, maana hesabu zetu za Amri Kumi hazilingani: sisi Walutheri katazo la kuua tunalihesabu la tano, na la kuzini la sita.

Filamu hii iliongozwa na Francis Lawrence, kutokana na riwaya ya Sara Gruen ya mwaka 2006. Hadithi inatokea Marekani mwaka 1931, katika miaka ile ya anguko kuu la uchumi. Jacob Jankowski, anayeigizwa na Robert Pattinson, ni mtoto wa wazazi waliotoka Poland, na anasomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Siku ya mtihani wa mwisho anaitwa nje ya chumba: baba na mama wamekufa kwa ajali ya gari. Kabla machozi hayajakauka anaelezwa kwamba hata nyumba si yake, kwa kuwa baba aliiweka rehani ili kumsomesha. Anaondoka bila cheti, anafuata njia ya reli kwa miguu, na usiku anadandia treni ambayo hajui ni ya nani. Kunapokucha anajikuta katikati ya sarakasi ya Benzini Brothers, miongoni mwa simba, farasi, wachekeshaji na wanaume wenye nyuso za watu wasiolala.

Mwenye sarakasi hiyo ni August, na mke wake Marlena ndiye nyota wa maonyesho ya farasi. Farasi wake mkuu anaumwa kwato kiasi cha kutotibika. Jacob, kinyume cha amri ya August, anampiga risasi mnyama ili asiteseke. Ili biashara isife, August ananunua tembo jike aitwaye Rosie kutoka sarakasi nyingine iliyofilisika. Mengine msomaji anaweza kuyakisia. Kijana anampenda mke wa bwana wake, mke naye anampenda kijana, na mume anajua.

Kwetu neno sarakasi huleta akilini vijana wanaopinduka hewani na kupanda mabegani mwa wenzao. Sarakasi ya Marekani ya wakati ule ilikuwa kitu kingine, mji mzima uliokaa juu ya reli. Treni ilifika alfajiri, wanaume wakapigilia mambo ardhini kwa nyundo, kamba zikavutwa, na mahali palipokuwa malisho jana pakasimama hema la kukaa maelfu. Usiku hema lilishushwa, na asubuhi mji mwingine ukashangaa. Filamu inaipenda sana picha hii, na sisi tunaipenda pamoja nayo. Mpiga picha Rodrigo Prieto ameipa mwanga wa asali, na Jack Fisk, aliyebuni mandhari, amejenga mabehewa ambayo mtu anaweza karibu kunusa rangi yake.

Lakini nani aliupandisha mji huo kila alfajiri? Katika Benzini Brothers ni watu wasio na kwao. Wanafanya kazi kwa chakula na kwa ahadi ya mshahara, na pesa zikiwa haba mshahara haulipwi. Halafu upo utaratibu ambao watu wa sarakasi walikuwa na neno lake maalumu, lililotokana na taa nyekundu ya mkia wa treni: mfanyakazi asiyehitajika tena, au anayedai, anatupwa nje usiku huku treni ikienda. Akiwa na bahati anaangukia majani. Kesho kitanda chake kina mtu mwingine, maana mwaka 1931 watu wanaotafuta kazi kandokando ya reli hawakosekani.

Msomaji wa Biblia atakuwa amekwisha kusikia sauti anayoifahamu. Kijana aitwaye Yakobo anaondoka nyumbani bila kitu, analala njiani, anaingia katika utumishi wa bwana mwerevu wa maneno ambaye anacheza na mishahara ya watu, na anapenda ndani ya nyumba ya bwana huyo. Labani wa Mwanzo sura ya 29 hadi 31 naye alikuwa mwenyeji mkarimu siku ya kwanza. August vilevile. Anamkaribisha Jacob katika behewa lake, anamimina shampeni wakati pombe ni marufuku kwa sheria ya nchi, anacheka, anacheza muziki, anamwita kana kwamba ni ndugu. Christoph Waltz, mwigizaji wa Austria, anaigiza ukarimu huu vizuri mno. Tunaona wazi kwa nini watu wanabaki naye. August si mtu wa kelele tangu asubuhi hadi jioni. Ni mtu ambaye wote wanaomzunguka wamejifunza kuusoma uso wake kabla ya kufungua midomo yao.

Sasa fimbo. August ana fimbo yenye kulabu ya chuma, chombo ambacho wafunzaji wa tembo wamekitumia miaka mingi. Baada ya onyesho kuharibika na Rosie kukimbia na Marlena mgongoni, August anamwadhibu tembo kwa fimbo hiyo hadi damu. Wafanyakazi wanajua linalotendeka, na hakuna anayemzuia. Hapo ndipo tunapoona moyo wa filamu hii, kuliko katika busu lolote. Mkono unaompiga Rosie ndio unaotia saini ya kuwatupa watu nje ya treni, na ndio unaomshika Marlena kwa nguvu mbele ya mgeni, kisha kumbembeleza. Ni mkono mmoja. Methali yetu huwaweka tembo wanaopigana upande wa wakubwa, na nyasi upande wa wadogo wanaoumia. Katika hema hili tembo mwenyewe ni nyasi.

Luther alipoifafanua Amri ya Tano hakuishia kwenye kisu na damu. Katika Katekisimu Ndogo anaigeuza kuwa wajibu, kwamba tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Katika Katekisimu Kubwa anakwenda mbali zaidi: mtu aliyeweza kumkinga jirani na madhara, akanyamaza, naye ameivunja. Kwa kipimo hicho August si mvunjaji peke yake. Kila aliyelala vizuri katika treni ile baada ya kusikia mwenzake akitupwa nje amehesabiwa. Na tukiitazama filamu kwa amri hii, swali la Marlena linabadilika. Kabla ya kuuliza alikwenda na nani, tunalazimika kuuliza alikuwa anatoka wapi.

Tukae hapo kidogo, kwa kuwa jambo hili halipo Marekani ya 1931 tu. Marlena hana kwao pa kurudi; ameolewa na mtu aliyemwokoa kutoka katika upweke, na anaikumbuka hisani hiyo kila anapopigwa. Anaeleza sababu za mume kabla mume hajaulizwa. Sisi tunaofanya kazi ya uchungaji tunamfahamu mama huyu. Anakuja ofisini baada ya ibada, anakaa ukingoni mwa kiti, anaanza kwa kusema mume wake si mtu mbaya. Na tunaufahamu pia ushauri anaopewa mara nyingi na wazee, na wakati mwingine na mchungaji mwenyewe: vumilia, mama, ndoa ni msalaba, mwombee. Tukisema hivyo tunadhani tumeilinda Amri ya Sita. Hatuoni kwamba tumeiweka ile ya tano chini ya zulia ili ile ya sita ionekane safi. Msalaba ambao mwanadamu mmoja anamtwisha mwenzake kwa ngumi hauna jina hilo katika Injili. Kristo aliupokea wake kwa hiari, na waliompiga hawakusifiwa kwa kumsaidia kuwa mtakatifu.

Filamu inatoa ushauri mwingine kwa Marlena. Inamletea kijana mwenye mikono ya upole. Huo nao ni ushauri dhaifu, na hatuwezi kuupokea kwa sababu tu ule wa kwanza ni mbaya. Mwanamke anayepigwa anahitaji mlango, paa, watu watakaosimama kati yake na yule mkono, na sheria ya nchi. Mpenzi mpya anaweza kuja na vitu hivyo au asije navyo. Jacob mwenyewe anajifunza: anamtoa Marlena usiku, wanajificha katika chumba cha hoteli ya bei rahisi, na muda si mrefu watu wa August wanafika, wanamburuta mke na kumwacha kijana akivuja damu. Mapenzi peke yake hayakuweza kufunga mlango wa chumba kile. Hapa filamu ni ya kweli kuliko mabango yake.

Kuhusu mapenzi yenyewe hatuna mengi ya kusema. Pattinson ana uso wa huzuni nzuri, Reese Witherspoon anapanda farasi na tembo kwa ustadi unaostahili heshima, lakini wakiwa wawili tu skrini inapoa. Joto linarudi mara August anapoingia, au mara Rosie anapoingia. Richard LaGravenese, aliyeiandika riwaya upya kwa ajili ya filamu, amewapa wapenzi maneno machache mazuri na ukimya mwingi usio na kazi. Mapenzi yanayosadikika zaidi katika filamu hii ni kati ya Jacob na tembo.

Na yanaanza kwa lugha. Wote wanaamini Rosie ni mzito wa akili. Anaagizwa hafanyi, anachomwa kwa kulabu hafanyi. Kumbe mnyama hana ukaidi wala ujinga. Amefundishwa kwa Kipolandi, na hakuna aliyewahi kumsemesha kwa Kipolandi tangu aliponunuliwa. Jacob anatamka neno la lugha ya mama yake, na mwili ule mkubwa unatii kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Mapigo yote yale yalikuwa ya kumwadhibu kwa kutoelewa ambacho hakuna aliyemwambia.

Tunajua mnyama mwingine aliyepigwa kwa sababu mpandaji hakuelewa. Katika Hesabu sura ya 22 punda wa Balaamu anapigwa mara tatu kwa kukataa kwenda mbele, kumbe anamwona malaika mwenye upanga ambaye nabii hamwoni. Mungu anafungua kinywa cha punda, na jambo la kwanza analosema si unabii wala fumbo. Ni malalamiko ya mtumishi: nimekukosea nini hata unipige mara zote hizi? Walimu wa Agano la Kale huwa wanacheka kidogo wakifika hapo, nasi tumecheka darasani. Lakini swali la punda lile halijibiwi kwa kicheko. Balaamu, mwenye kazi ya kusikia sauti ya Mungu, alikuwa hasikii hata sauti iliyokuwa chini ya makalio yake. Rosie hakupewa kinywa cha kuuliza. Alipewa kijana anayejua lugha yake, na huo ni muujiza mdogo zaidi lakini wa jamii ileile.

Wanaoishi chini ya Mlima Meru wana sababu ya pekee ya kutulia katika sehemu hii. Kule Tengeru, tangu mwaka 1942, walikaa maelfu ya wakimbizi Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti hadi Siberia, wakapitia Iran na kuletwa Tanganyika. Makaburi yao yapo hadi leo, na majina juu ya mawe yanamshinda kuyatamka mtu wa pale. Hawahusiani na sarakasi yoyote. Lakini ukisimama mbele ya majina hayo unaelewa kwa haraka maana ya kiumbe aliyeletwa mbali, anayezungumziwa siku nzima kwa maneno yasiyo yake, na jinsi neno moja la nyumbani linavyoweza kumfanya ainue kichwa. Kanisa letu lilizaliwa kwa kazi ya watu walioamini kwamba Injili lazima isikike katika lugha ya mama. Tusishangae sana, basi, kama tembo naye alihitaji hivyo.

Sasa mwisho wa hadithi, na hapa ndipo ugomvi wetu na filamu ulipo. Wafanyakazi waliochoka na ukatili wanafungua vizimba vya wanyama wakati hema limejaa watazamaji. Katika vurugu hiyo August anampiga Jacob, kisha anamgeukia Marlena na kumkaba koo. Rosie anang'oa mambo ya chuma aliyofungiwa na kumpiga August kichwani kwa nyuma. August anakufa. Wapenzi wako huru, mikono yao haina damu. Baadaye wanaoana, wanapata kazi katika sarakasi kubwa ya Ringling Brothers pamoja na Rosie, Jacob anamaliza masomo yake, watoto wanazaliwa, na Jacob mzee, anayeigizwa na Hal Holbrook, ndiye anayetusimulia yote.

Filamu inatamani kuwa 1 Samweli sura ya 25. Huko yuko Nabali, tajiri mgumu anayewanyima chakula vijana waliolinda kondoo wake. Yuko Abigaili mkewe, mwenye busara. Na yuko Daudi, mkimbizi mwenye sura nzuri. Nabali anapigwa na Bwana, anakufa, na Daudi anamwoa mjane. Mambo yanalingana kiasi cha kushangaza, hata bwana mnyimivu yupo. Ila Abigaili hakungoja. Aliposikia upanga unakuja alipakia punda mikate na divai na kondoo waliotayarishwa, akaenda mwenyewe kusimama kati ya upanga na watu wa nyumba yake, hata wale ambao mume aliwatendea kama vitu. Aliokoa watumishi kwanza. Kati yake na Daudi hapakuwa na chumba cha hoteli kabla ya kifo cha Nabali. Marlena na Jacob wana kitu cha sura ya 25, lakini wana pia kitu cha 2 Samweli sura ya 11, ambako kifo cha mume kinakuja kwa wakati unaofaa mno, na msimulizi wa Biblia hatuachi tulale juu yake. Uria alikufa kwa mishale ya Waamoni. Nathani alimwendea Daudi.

Katika filamu Nathani hayupo. Na ili asihitajike, waandishi wamefanya jambo ambalo anayeijua riwaya ataliona mara moja. Katika kitabu cha Gruen mwenye sarakasi ni mtu mmoja, aitwaye Uncle Al, naye ndiye anayeamuru watu watupwe nje ya treni. Mume wa Marlena, August, ni mtu mwingine, msimamizi wa wanyama. Filamu imewaunganisha wawili hao kuwa mmoja. Kama ufundi wa kusimulia, uamuzi huo unaeleweka, maana saa mbili ni chache. Ila tazama matokeo yake: mwajiri mdhalimu na mume mkatili wakiwa mtu mmoja, pigo moja la chuma linamaliza madeni yote. Mshahara uliozuiwa, waliotupwa gizani, ngumi za chumbani, vyote vinazikwa na maiti moja. Katika kitabu kuna pia usiku ambao Jacob anakwenda na kisu hadi kitandani kwa August, anashindwa kuua, anakiacha kisu juu ya mto. Hapo Amri ya Tano inamshika Jacob mwenyewe mkono, na tunaiona nguvu yake. Anayejua kwamba angeweza kuua si mtu yuleyule na anayeokolewa na tembo.

Torati ilikwisha kuliwaza jambo la mnyama anayeua. Kutoka 21 inasema ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe hadi kufa, apigwe mawe. Na kama mwenyewe alijua tabia ya ng'ombe wake asimzuie, basi na mwenyewe ana hatia. Sheria hiyo haikuwaza mwenye mali akiwa ndiye aliyeuawa na mali yake, baada ya kuifundisha kwa miaka lugha ya kulabu. Wamarekani hawakusoma hadi sehemu ya pili. Mwaka 1916, katika mji wa Erwin, Tennessee, tembo wa sarakasi aitwaye Mary, aliyekuwa amemuua mtu aliyemwongoza, alinyongwa kwa winchi ya reli mbele ya umati. Gruen, na filamu baada yake, wamemnusuru Rosie kutoka hatima hiyo kwa kunyamaza. Katika riwaya Jacob anaitunza siri ya Rosie kwa miaka 70. Tunamwelewa, na tungeitunza pia.

Kuna filamu ya zamani zaidi ambayo tungependa ionwe kando ya hii: Gycklarnas afton ya Ingmar Bergman, ya mwaka 1953, nayo juu ya sarakasi inayosafiri, kwa magari ya farasi huko Sweden. Bergman alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na inaonekana. Mwenye sarakasi, Albert, anaaibishwa mbele ya watu wote na mwanamume aliyelala na mpenzi wake. Anataka kujiua, hawezi. Anatoka na bastola, anamuua dubu mgonjwa wa mke wa mchekeshaji. Kisha msafara unaondoka, na yeye na mwanamke yule wanatembea pamoja gizani, bila suluhisho lolote. Huko mnyama anakufa kwa aibu ya wanadamu. Kwa Benzini mnyama anaua kwa niaba yao. Ya Bergman inaumiza kuitazama, na hatuishauri kwa jioni ya vijana wa usharika. Lakini inamkatalia mtazamaji faraja ambayo hakuilipia.

Haitoshi kusema juu ya Rosie bila kusema juu ya Tai, maana Rosie hakuwa picha ya kompyuta peke yake. Aliigizwa na tembo jike wa Asia mwenye jina hilo. Mwaka uleule filamu ilipotoka, shirika la kutetea wanyama liitwalo Animal Defenders International lilitoa video iliyopigwa miaka kadhaa kabla, likidai inaonyesha tembo wa kampuni iliyommiliki Tai, pamoja na Tai mwenyewe, wakitendewa kwa kulabu na kwa vifaa vya umeme. Kampuni hiyo ilikanusha madai ya ukatili. Sisi si mahakama. Tunachoona ni kwamba mtazamaji aliyetoa machozi kwa ajili ya Rosie alikuwa amelipa tiketi, na hadithi inayolaani kumfanyia tembo biashara ilihitaji tembo wa biashara ili isimuliwe. Mkulima wa Liwale anayekesha na debe ili tembo wasimalize mahindi yake anaweza kuuliza kama Ukristo umekosa la kufanya hata tuanze kumlilia tembo. Mithali 12:10 haimtaki ampende mnyama anayekula shamba lake. Inamweka mwenye haki na mwovu pamoja kwenye zizi, na kutuambia tofauti yao inaanzia pale, mahali ambapo hakuna mwanadamu anayeangalia.

Na wapo wawili ambao hatujawataja. Walter, mtu mfupi wa kimo ambaye ni mchekeshaji na anamgawia Jacob chumba chake, na Camel, mzee mlevi aliyempatia Jacob kazi yake ya kwanza. Usiku ambao wapenzi wako hotelini, watu wa August wanawatupa Walter na Camel nje ya treni, na wote wawili wanakufa. Jacob anapata habari, analia, na filamu inasonga mbele kuelekea onyesho kubwa. Mwishoni mzee Jacob anatuambia yaliyompata yeye, Marlena, Rosie, na watoto. Wale wawili walizikwa wapi? Nani alisema neno juu ya kaburi lao?

Mwaka 1918, karibu na Hammond, Indiana, treni ya sarakasi ya Hagenbeck-Wallace iligongwa alfajiri watu wakiwa wamelala, wakafa 86. Wengi wao walizikwa Forest Park, karibu na Chicago, katika sehemu ya makaburi iliyotengwa kwa ajili ya watu wa maonyesho. Wengine walikuwa wameajiriwa siku chache tu kabla, na hakuna aliyejua majina yao. Jiwe moja limeandikwa jina la utani, Baldy, yaani mwenye upara. Jingine limeandikwa kazi tu, dereva wa farasi wanne. Mengine mengi yanasema mwanamume asiyejulikana, na namba. Kuzunguka makaburi hayo pamesimamishwa tembo wa mawe, mikonga yao imeelekea chini.